Mume wa Mwenye Akaunti

Mataulo meupe yalikuwa yamebaki manne kwenye rafu, na mikono iliyoyashika ilikuwa mitatu. Miwili ilikuwa ya mwanamke wa gauni la kijani, rundo la funguo likining'inia kiunoni. Wa tatu ulikuwa wa mwanamume mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, tena pasi yenye mstari. Mwanamke aliuona mstari kabla ya kuiona sura, akajiuliza ni nani duniani anayepigia pasi ovaroli. Duka la vyombo lilifurika Jumamosi ile kana kwamba vitu vinagawiwa bure. Makarai yalipita juu ya vichwa vya watu, na spika ya mlangoni ilitangaza punguzo ambalo hakuna mnunuzi aliyekuwa ameliona.

"Kaka, mimi nimeanza," mwanamke alisema.

"Umeanza kwa macho, dada. Kwa mkono nimeanza mimi."

"Mkono mmoja. Mimi nina miwili hapa, hesabu mwenyewe."

"Basi nigawie moja tu. Nakwenda kukaa nyumba ya kukodi, na mataulo ya nyumba hizo unayajua. Ukimaliza kujifuta umelowa kuliko ulipotoka kuoga."

Mwanamke, ambaye kazi yake ilikuwa hizo hizo nyumba za kukodi, alimtazama kuanzia kamba za viatu hadi utosini. Kisha akayabeba yote manne.

"Pole, kaka. Jua lipo, jianike."

Laiti angempa taulo moja na kumsahau, mambo yangeishia pale kwenye rafu, na machozi kadhaa yangebaki kwa wenyewe. Lakini aliondoka akicheka peke yake, na mwanamke anayecheka peke yake njiani ameshabeba zaidi ya mataulo.

Watu walimwita Mama Funguo. Mtoto hakuwa naye. Funguo ndizo zilizokuwa wanawe, kumi na moja, za nyumba tatu za mama yake mdogo zilizokodishwa kwa wiki na kwa mwezi kupitia programu ya simu. Yeye ndiye aliyepokea wageni, kubadili mashuka, kuzibua mabomba na kujibu wanaouliza kama jogoo wa jirani anaweza kuzimwa. Na alikuwa na sheria moja isiyokunjika: aliyeweka nafasi ndiye anayelala.

Sheria hiyo aliinunua kwa aibu. Miaka mitatu nyuma, bibi kizee mmoja mwenye miwani na uso wa kufuma vitambaa aliweka nafasi ya siku mbili. Bibi hakutokea. Walitokea wajukuu kumi na tisa na spika mbili zenye ukubwa wa jokofu, na walipoondoka, mlango wa baraza ulikutwa ndani ya beseni la kuogea. Kampuni ya programu ilipolalamikiwa ilijibu kwa upole wote: aliyeweka nafasi hakukaa, waliokaa hawakuweka nafasi, kwa hiyo katika kumbukumbu zetu nyumba ilikuwa tupu. Mama mdogo naye hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, likitokea tena, funguo utaniletea kwenye sahani, na nitazipokea."

Jumamosi ile ile ya mataulo, saa nane mchana, mlango wa nyumba ya ghorofa ya tatu uligongwa. Mgeni aliyetarajiwa, kwa mujibu wa picha ya akaunti, alikuwa mwanamke wa gauni la njano na kofia pana ya ukindu, kishimo kimoja shavuni, mwenye historia ya kukaa nyumba thelathini na moja bila lawama. Aliyesimama kizingitini ilikuwa ovaroli ya buluu.

"Alaa," ovaroli ilisema. "Mataulo."

"Kaka, umekuja kwa miguu yako au umefuata harufu ya pamba?"

Mwanamume alimwonyesha simu. Mtaa ulikuwa huo, ghorofa hiyo hiyo ya tatu, mlango huo huo.

"Na huyu wa kwenye picha yuko wapi?"

"Ni mke wangu. Akaunti ni yake. Mimi sijawahi kuwa na ya kwangu."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Yuko mbali," alijibu, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Mama Funguo alijisogeza akajaa mlangoni. "Sikiliza, kaka yangu. Sikufukuzi, ila siwezi kukufungulia hivi hivi. Asiye mwenye akaunti nafuata naye mambo mawili. Kwanza kitambulisho chako nikione. Pili, mwenye akaunti aniandikie mwenyewe, humu humu ndani ya programu, kwamba anakujua na ukivunja kitu ni juu yake. Asipoandika, nafasi inafutwa, nawe ufungue akaunti yako uombe upya kama watu."

"Haki yako. Ngoja nitafute mtandao pale ngazini."

Dakika tatu tu, simu ya Mama Funguo ikatetemeka. *Dada, samahani kwa kukushtua. Huyo mrefu ni wangu. Akivunja kitu nitalipa, ila tabia yake si kuvunja, tabia yake ni kuacha taa ya bafuni inawaka. Mkemee kwa niaba yangu.*

Mama Funguo alicheka hadi akaegemea ukuta. Mwanamume aliporudi kutoka ngazini na kutoa kitambulisho, Mama Funguo alimkabidhi ufunguo na taulo moja jeupe juu yake.

"Mkeo ana maneno," alisema.

"Alijaliwa," mume alijibu.

Alikuwa fundi wa lifti. Alikuja kufunga lifti mbili katika jengo jipya la hospitali, kazi ya wiki sita. Kila Jumamosi asubuhi Mama Funguo alipanda kubadili mashuka, na kila Jumamosi alianzia bafuni.

"Taa."

"Nimezima."

"Umezima kwa sababu unajua leo naja. Balbu bado ya moto, nimeigusa."

"Sasa wewe ni mwenye nyumba au mpelelezi?"

"Mimi ni mkono wa mkeo. Anayekaa mbali huona kwa jicho la jirani."

Akishuka, alimwandikia yule mke. Alianza kwa mambo ya kazi, kisha kwa mazoea, kisha kwa raha. *Dada, shati lake la kijivu limekatika kifungo cha tatu.* Jibu lilikuja jioni: *Mshonee, mpenzi, mimi sindano iko mbali nami. Usimpe uzi mweusi, atasema unafanana.* Alimshonea kwa uzi wa kijivu. Akaanza kumpenda yule mwanamke wa kofia, kama unavyompenda shoga aliye upande wa pili wa ukuta. Balaa ni kwamba alianza kumpenda na mumewe.

Fundi naye alikuwa na simu zake.

"Mama Funguo, maji ya moto hayatoki."

"Umefungua bomba la kushoto?"

"Kushoto kwangu au kushoto kwa bomba?"

"Fundi mzima, kushoto hukujui?"

"Lifti haina kushoto, bibie. Ina juu na chini."

Simu hiyo ya maji ya moto ilikwenda dakika arobaini, na maji yalikuwa yakitoka tangu dakika ya pili.

Mapenzi ni kikohozi. Mama mdogo alimwona akijipaka wanja kwenda kufua mashuka, akasema bila kugeuza shingo, "Wanja huo ni wa shuka la juu au la chini?" Kisha akaongeza, taratibu, "Mume wa mtu ni sumu, mwanangu. Na huyu sumu yake imeandikwa jina kwenye chupa, hutasema hukusoma."

Jumamosi ya nne walikunja shuka kubwa pamoja. Yeye alishika pembe mbili, fundi pembe mbili, wakasogeleana, wakakunja, wakarudi nyuma, wakasogeleana tena. Shuka lilinukia sabuni na jua. Kwenye kukunja kwa tatu mikono ilikutana, na hakuna aliyeachia. Fundi alinukia grisi kidogo na dawa ya hospitali. Mama Funguo aliona kifungo cha tatu cha shati la kijivu, alichokishona kwa mkono wake kwa ruhusa ya mwenyewe.

"Una mke," alisema.

Mwanamume alifungua mdomo, akaufunga. "Ninaye," alisema.

Mama Funguo alimwachia shuka lote, akashuka hadi ngazi za chini, akaketi na rundo lake la funguo mapajani. Hapo akaandika ujumbe aliouita baadaye ujinga wa maisha yake. *Dada yangu, hatujaonana lakini nakuheshimu. Njoo umchukue mumeo mapema. Hajanikosea, wala mimi sijakukosea bado. Ila nikisikia hatua zake ngazini moyo wangu unatangulia kufungua mlango. Nakuambia wewe kwa sababu wewe ndiye unayestahili kujua.*

Jumapili halikuja jibu. Jumatatu alifua, akapiga pasi, akaungua kidole. Jumatatu alasiri simu ikatetemeka.

*Nisamehe. Mwenye akaunti alifariki miaka miwili iliyopita. Anayekujibu tangu siku ya kwanza ni mimi. Siku ile nilikuandikia nikiwa ngazini kwako. Nilitaka kukwambia tulipokuwa na shuka, nikashindwa kuliweka katika sentensi moja. Mimi ndiye mrefu anayeacha taa.*

Mwanamke mwingine angeshukuru: si mume wa mtu, ni mjane. Mama Funguo alisoma mara moja, kisha akarudi juu kusoma ule wa kwake, neno kwa neno, safari hii kwa macho ya aliyeupokea. Moyo unatangulia kufungua mlango. Alikuwa amejianika kwa mtu mwenyewe, naye mtu akakaa siku mbili akimsoma. Na yule shoga wa upande wa pili wa ukuta, aliyemwita mpenzi, aliyekuwa mcheshi vile, hakuwepo. Alikuwa amefiwa na mtu ambaye hakuwahi kumpata.

Hasira hasara, lakini hasira ina kidole chepesi. Kwenye programu kulikuwa na kitufe cha kutoa taarifa kuhusu mgeni. Akabonyeza. *Aliyekaa si mwenye akaunti.* Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo, akajaza: *Mwenye akaunti amefariki.* Kila neno lilikuwa kweli, na sheria ilikuwa upande wake.

Kampuni ambayo ilichukua wiki tatu kujibu kuhusu mlango ndani ya beseni, safari hii ilijibu kwa saa moja. Nafasi ilifutwa. Akaunti ilifungwa. Kofia ya ukindu ilitoweka, na mahali pake pakabaki duara la kijivu. Alipofungua mazungumzo yao hakukuta hata kifungo cha tatu.

Fundi alipiga simu jua likiwa bado juu. Sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi.

"Umewaambia?"

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya. Umewaambia?"

"Ndiyo."

Kulikuwa na kelele za nyundo nyuma yake, kisha alihama mahali, zikapungua.

"Alikuwa akiandika maoni kila nyumba tuliyokaa," alisema. "Si yale ya pasafi, pazuri, asanteni. Aliandika dirisha linaona nini, jirani anaimba nini. Simu yake iliharibika mwezi ule ule aliofariki, picha na kila kitu. Yalibaki hayo maoni. Kila asubuhi nilisoma moja kabla ya kwenda kazini. Ndiyo maana sikufungua akaunti yangu."

"Nitawaandikia waifungue."

"Nimeshawaandikia. Wanasema ombi la kurejesha lazima litoke kwa mwenye akaunti, aambatanishe picha ya uso wake ya leo."

Mama Funguo alitoa simu sikioni, akalitazama lile duara la kijivu.

Jioni ile ile fundi alifungasha. Mama mdogo alikuja mwenyewe kusimama mlangoni, si kwa ubaya, ila nafasi imefutwa na asiye na nafasi hawezi kulala. Fundi alimwamkia, akamshukuru, akarudisha ufunguo. Alisema atalala kwenye chumba cha vifaa pale hospitalini siku kumi zilizobaki. Bafuni taa ilikuwa imezimwa.

Wenyeji wa nyumba za kukodi wana kundi lao la simu, mahali pa kulaumu wageni na kuuliziana bei ya magodoro. Mama Funguo aliandika humo asubuhi iliyofuata: mgeni wa gauni la njano na kofia pana, kama aliwahi kukaa kwako, maneno yake unayo? Wenyeji huhifadhi sifa kama watu wanavyohifadhi vyeti. Wapo wanaozichapisha na kuzitundika sebuleni. Aliuliza kundi hili, akaomba aunganishwe na la mji mwingine, na mwingine. Walimtania kwamba amekuwa mtoza ushuru wa marehemu. Alicheka nao, akaendelea. Kufikia siku ya tisa nyumba sita zilikuwa zimejibu. Aliyanakili maoni sita kwa mkono, kila moja kwenye karatasi yake, tarehe nyuma, kwa mwandiko wa mtu anayeogopa kukosea.

Akavaa gauni la zambarau, lenye mikono ya kufunga, akaenda hospitalini saa ya chakula. Fundi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, mbele ya mlango wa lifti uliokuwa bado na karatasi ya kiwandani.

"Sikuja kuombwa radhi," Mama Funguo alisema. "Nimekuja kuomba."

"Keti, basi. Ndoo ya pili ni ya wageni."

Aliketi, akampa karatasi. Fundi aliifuta mikono kwenye kitambaa, kisha akaifuta tena. Alisoma la kwanza, akatabasamu. La pili akasoma kwa sauti: *Mvua hapa hainyeshi, inabisha hodi. Nililala upande wa dirisha ili niwe wa kwanza kuifungulia.*

"Huyu ndiye yeye," alisema, macho yamelowa. "Hivi ndivyo alivyoongea. Hakuna mwingine angeandika hivi."

Karatasi ilikuwa imegeuka kidogo mkononi mwake, na tarehe ikawa upande wa Mama Funguo. Aliiona. Angeweza kunyamaza, na kwa mara ya kwanza maishani alitamani kuwa mtu wa kunyamaza. Lakini fundi alifuata macho yake, akaigeuza.

Ilikuwa miezi minane baada ya mazishi.

Aligeuza ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita. Kisha akazipanga upya gotini. Mbili upande mmoja, nne upande wa pili.

"Niliendelea," alisema. "Kila nyumba niliyokwenda kikazi niliandika kama ambavyo angeandika. Nilijua ni mimi. Mwanzo nilijua." Alichukua moja ya zile mbili halisi, akaisoma tena. "Hii ndiyo yake. Na haina hata kishindo. Pasafi, mwenyeji mcheshi, maji ya moto yapo."

"Mpenzi," Mama Funguo alisema, neno likimtoka kabla hajalifunga.

"Si wewe uliyemfuta. Hilo nataka ulibebe uende nalo, usilale na deni lisilo lako. Nilimfuta mimi, polepole, kwa kumwigiza."

"Basi acha kumwigiza. Kaa. Hapa pana kazi, lifti zinaharibika kila siku katika mji huu. Sikuombi unioe kesho. Nakuomba uje unywe chai kwa jina lako."

Fundi alicheka, kicheko kizuri. Kisha kikaisha.

"Ulimpenda nani?" aliuliza. "Zile jumbe zilizokuchekesha, za uzi mweusi, za kukemea. Mimi ana kwa ana sina maneno yale. Nimejaribu wiki hii, nimekaa na kalamu nikuandikie kwa mdomo wangu. Kila mstari unaotoka ni wake, au ni ninaodhani ni wake. Nikiutupa huo, chini yake hakuna kitu."

"Kipo. Nimekiona kikikunja shuka."

"Kinakunja shuka," alikubali. "Hakijui kusema kinakupenda. Nikikwambia hivi sasa, sitajua ni nani amesema, na wewe hutajua. Hustahili hiyo."

Mama Funguo alitaka kumtania. Alitafuta neno ndani mwake kila mahali, kama mtu anayepekua mkoba mlangoni, akakuta amebaki na la kweli tu.

"Siku ukijua, nipigie," alisema. "Usiniandikie. Nipigie, nisikie."

"Na nisipojua?"

"Usinipigie, fundi wangu. Nimechoka kufungulia mlango picha."

Alisimama, akajipangusa gauni. Fundi alimpa zile karatasi nne, akabaki na mbili. Hawakugusana. Kesho yake lifti zote mbili zilifanya kazi, na aliyezifunga alikuwa ameshaondoka na basi la asubuhi.

Miezi minne ilipita. Wageni walikuja, wakavunja glasi, wakasifu godoro. Mama mdogo alianza kutaja wanaume wanaofaa, kwa upole, kama mtu anayemtajia mgonjwa majina ya vyakula. Mchana mmoja, Mama Funguo akiwa anatandika kitanda kikubwa, simu iliita kwa namba asiyoijua. Aliibana kati ya sikio na bega.

"Haloo."

Pumzi, na nyuma yake nyundo zikigonga chuma mahali fulani.

"Ni mimi," sauti ilisema.

Aliitambua kabla haijamaliza. Aliketi juu ya shuka lililotandikwa nusu. Lakini alikuwa amejiahidi kutofungulia tena mlango picha, na zaidi ya zile karatasi nne, ahadi ile ndiyo kitu pekee cha fundi alichobaki nacho.

"Wewe nani?" aliuliza, kwa upole wote aliokuwa nao.

Alingoja. Nyundo ziligonga, zikaacha, zikagonga tena. Alisikia mdomo ukifunguka, pumzi ikiingia kama ya mtu anayetaka kuanza kusema, kisha ikitoka tupu. Mara ya pili hivyo hivyo. Hakumsaidia. Aliinuka, simu bado begani, akaizunguka pembe ya godoro na kuchomeka shuka, halafu pembe ya pili, halafu ya tatu, akilivuta lisiwe na mkunjo hata mmoja. Alipofika pembe ya nne, simu ilikuwa imekatika, na hakujua imekatika tangu lini.